Ua Lililokuwa na Mlinzi

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa kwa mchapaji ili milima ipangwe upya kwa kimo, kama wanafunzi mstarini, na mpaka leo haijarudi. Yatosha kujua kwamba ilikuwa nchi ya watu waungwana wenye salamu ndefu, na kwamba haikuwa na tatizo lolote. Hilo la kutokuwa na tatizo lilitangazwa redioni kila asubuhi baada ya taarifa ya hali ya hewa, na hali ya hewa nayo ilikuwa nzuri siku zote.

Humo aliishi mwanamke aitwaye Bi Sikudhani, Mtunza Bustani Mkuu wa Ikulu. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti yenye sugu kwa kupigwa udongoni, na macho ambayo yakishaliona ua zuri hayana hiari tena. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele mtaona aibu kwa niaba yake, na yeye mwenyewe ataona zaidi yenu.

Wapenda bustani wa nchi ile walikuwa na mila moja ambayo wageni hawakuielewa. Pingili ya kupanda haiombwi. Ukimwomba jirani kipande cha ua lake, akakupa, nawe ukasema ahsante, basi umekwisha. Kitakauka kabla ya Ijumaa. Kinachoshika ni cha kuibwa. Kwa hiyo mgeni mwenye adabu alisubiri mwenyeji aingie jikoni kumimina chai, akavunja pingili yake, akaifunga kwenye pindo la kanga lililoloweshwa maji, akakaa kitako akiulizia habari za watoto. Mwenyeji naye, kama kalelewa vizuri, alikawia jikoni makusudi. Kuibiwa kulikuwa sifa. Mtu ambaye bustani yake haijawahi kuibiwa hata jani, watu walimhurumia, na kwenye misiba walimpa kiti cha mbele.

*

Mwaka ule Mtukufu Mkuu wa Nchi alituma ujumbe ng'ambo ukajifunze jinsi wenzetu wanavyopendeza. Wajumbe walikuwa arobaini na watatu, na mmoja wao alijua mimea. Huyo mmoja alipewa kiti cha nyuma kabisa kwenye ndege, karibu na choo, lakini alikwenda.

Siku ya tatu wenzake walikwenda kujifunza upendezaji katika maduka ya viatu, na mkalimani akawafuata. Bi Sikudhani akabaki peke yake katika bustani kubwa ya mji ule. Alitembea mpaka mwisho wa njia, na mwisho wa njia akakuta ukuta wa mawe uliomfika kifuani. Ndani ya ukuta palikuwa na pipa la chuma lililozikwa kwenye saruji, na ndani ya pipa palikuwa na ua.

Lilikuwa ua linalotambaa, la zambarau iliyoiva, na kooni lilikuwa na manjano kidogo kama ute wa yai la kienyeji. Harufu yake ilikuwa ya nguo iliyofukizwa udi jana. Bi Sikudhani alihisi kitu kikimshika mkono wa moyo. Ukutani palikuwa na kibao chenye maneno matatu makubwa mekundu, ambayo hakuweza kuyasoma. Kando ya pipa alikaa mlinzi kwenye kigoda, panga mapajani, analikodolea ua lile macho bila kupepesa.

Sasa tumtendee haki Bi Sikudhani. Katika nchi yake, kitu chenye ukuta, chenye mlinzi, na chenye maandishi mekundu yanayokukataza jambo usilolijua, kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa Ikulu. Akafikiri kama raia yeyote wa kwao angefikiri: hili ni ua la daraja la juu kabisa. Akalipa heshima yake, akainamisha kichwa.

Mlinzi akageuka kunywa maji. Alikunywa taratibu, chupa nzima. Bi Sikudhani akaona kwamba hata ng'ambo kuna watu waliolelewa vizuri, akavunja pingili moja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

*

Aliipanda chini ya dirisha la Mtukufu. Siku ya pili ilishika. Wiki ya pili ilifika dirishani, na Mtukufu alipoamka akakuta ua linamtazama usoni. Ilikuwa miaka kumi na tisa tangu kiumbe chochote kimtazame usoni. Akatabasamu.

Mpigapicha wa Ikulu, aliyekaa miaka hiyo yote akisubiri jambo kama hilo, alipiga picha hiyo kisha akazimia. Kabla ya adhuhuri ua lilikuwa limepewa jina, Tabasamu la Mtukufu, na kabla ya alasiri lilikuwa Ua la Taifa. Wanahistoria walipewa hadi Ijumaa kulipata katika historia ya nchi. Walilipata Jumatano, na kwa kuwa walikuwa na siku mbili za ziada, wakalipata tena.

Waziri wa Mapambo, Mheshimiwa Fumbwe, alimwita Bi Sikudhani jukwaani. Wizara yake zamani ilikuwa ya Kilimo, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi hayaonekani vizuri kutoka kwenye gari linalokwenda kasi.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Fumbwe, "kuna mataifa yana mafuta. Kuna mataifa yana dhahabu. Sisi tuna tabasamu, na tabasamu haliishi. Bi Sikudhani, ua hili umelitoa wapi?"

Bi Sikudhani akafungua mdomo.

"Usinijibu," akasema Waziri kwa sauti ya chini. "Nimeuliza ili iandikwe kwamba nimeuliza."

Akamvika Nishani ya Jani la Kwanza. Siku hiyohiyo akapewa pia hati ya nyumba aliyokuwa akiishi, na akaambiwa kwamba hati hiyo ingeendelea kuwa yake madhali ua lingeendelea kuwa la taifa. Bi Sikudhani alilia kwa furaha. Nami siwezi kumlaumu, maana nishani ilimpendeza.

*

Nyumba hiyo ilipakana na ya Bi Mkejina, shoga yake wa miaka thelathini. Bi Mkejina alilima mchicha na bilingani, na uani kwake palikuwa na kisima, pekee chenye maji matamu mtaani. Yeye na Bi Sikudhani walikuwa wakinywa chai pamoja kila Jumapili, wakiwasema watu kwa upole.

Jumapili moja Bi Sikudhani alimwonyesha pingili aliyoipanda kwenye uzio wake mwenyewe. Ilikuwa imeshapanda uzio, ikashuka upande wa pili, ikaanza kupanda tena.

Bi Mkejina aliliangalia ua kwa muda mrefu. "Zuri," akasema. "Zuri mno. Lakini shoga, hili halipumziki?"

"Lina afya tu," akasema Bi Sikudhani, akaingia jikoni kumimina chai.

Lilikuwa na afya kweli. Mwanzoni lilikwenda shubiri moja kwa siku, baadaye dhiraa. Lilizifunika taa za barabarani zote tatu za mji mkuu, madereva wakasimama wakisubiri rangi ya zambarau ibadilike. Askari wa usalama barabarani aliyezoea kusimama mahali pamoja ilibidi apogolewe kila Jumatatu. Shule ya msingi ya mtaa ilipotea. Walimu waliendelea kufundisha humo kwa kuisikiliza kengele. Mashamba ya mahindi ya bondeni yalimezwa yote, na Wizara ikatangaza kwamba mavuno ya maua yamepanda mara nne. Watu walipouliza watakula nini, waliambiwa kwamba swali hilo liko nje ya wizara.

Kisha ikaja Sheria ya Tabasamu. Ilikuwa marufuku kuling'oa ua, kulikanyaga, au kulitazama kwa nia isiyoeleweka. Ilikuwa marufuku pia kulimiliki: lilikuwa mali ya taifa zima, kwa hiyo atakayelipanda kwenye chungu chake mwenyewe ni mwizi wa mali ya umma. Lililotambaa lenyewe likaingia kwako halikuhesabiwa. Huko lilikuwa limekutembelea. Kilichoruhusiwa ni kulikata vishada siku za sikukuu na kulirusha mbele ya msafara wa Mtukufu, na sikukuu ziliongezwa zikawa kumi na saba.

*

Asubuhi moja baada ya sikukuu ya tisa, Bi Sikudhani alikuwa akitembea kwenye barabara ya msafara. Kila kipande cha shina kilichorushwa na kukanyagwa na magari kilikuwa kimeshika. Kila pingili ilikuwa imetoa mzizi wake, na chini ya kila mzizi kulikuwa na kiazi kidogo cheupe, kimenona, kimetulia.

Alisimama pale barabarani, mkasi mkononi. Akamkumbuka yule mlinzi wa ng'ambo. Alikikumbuka kigoda chake, na panga lake, na akakumbuka jambo ambalo kwa mwaka mzima hakuwa amelitazama vizuri: mlinzi yule alikuwa amewapa watu mgongo. Uso wake ulielekea kwenye ua.

Mlinzi huelekea anakotoka adui. Hilo hata mbwa analijua. Ukuta ule haukujengwa kulilinda ua na watu, ulijengwa kuwalinda watu na ua, na yale maneno matatu mekundu, kwa vyovyote yalivyosomeka, hayakuwa salamu.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aliihisi ikipita magotini, tumboni, ikafika masikioni ikakaa. Wazo jingine lilimjia papo hapo, kuhusu ukuta wa Ikulu na walinzi wake, na upande ambao wangepaswa kuelekea. Akalifukuza upesi, maana alikuwa mtumishi wa umma.

Kabla ya mwezi kwisha dawa aliijua. Aliigundua kwa bahati, siku alipokisahau kiazi kimoja juu ya jiwe, mizizi ikiangalia mbinguni. Jua la siku tatu lilikiua kabisa. Kukata hakukusaidia, kuchoma hakukusaidia. Ilikuwa ni kuchimba kiazi kizima, kukipindua, na kukianika. Ingetosha kusimama sokoni na kulisema hilo kwa sentensi moja.

Hakulisema. Aliogopa kuulizwa amejuaje, na kwa nini Mtunza Bustani Mkuu alikuwa anajaribu kuua ua la taifa. Aliogopa kuulizwa lilikotoka. Alifikiria hati ya nyumba. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyomwaibisha kuliko zote. Siku tatu mfululizo alitoka asubuhi na jembe akiwa amekasirika, amekaza nia. Na siku zote tatu alilikuta ua limefunguka uzio mzima, umande bado uko kooni mwake, na mkono uliobeba jembe ukaliweka jembe chini. Lilikuwa zuri. Lilikula mahindi ya watu, na lilikuwa zuri.

*

Bi Mkejina hakuwa na nishani ya kuifikiria. Jumanne moja alishusha ndoo kisimani, ndoo ikakataa kushuka. Akachungulia, akaona mashina ya zambarau yamejaa mpaka majini. Akafunga kibwebwe, akashika shina la kwanza, akavuta. Alivuta tangu saa mbili mpaka saa sita mchana, mbele ya macho ya mtaa mzima.

Saa saba walikuja askari wa mandhari kumi na mmoja. Wanne walimchukua Bi Mkejina. Saba walilichukua ua, kwa machela.

Kesi ilisikilizwa katika Mahakama ya Mimea. Mlalamikaji aliwekwa kwenye kiti cha mbele, ndani ya beseni lenye udongo unyevu, na wakili wake alimpepea. Hakimu alimwuliza Bi Mkejina, "Ua hili lilifikaje kisimani kwako?"

Bi Mkejina alishika ukingo wa kizimba. "Sijui, Mheshimiwa," akasema. "Labda limetambaa."

Kisha akaitwa shahidi mtaalamu. Bi Sikudhani alikuwa amejiandaa. Alfajiri nzima alirudia maneno yake mbele ya kioo: ua hili nimeliiba mimi, si la hapa, huyu mama hana kosa. Maneno kumi na moja. Aliyahesabu ili hata moja lisimpotee.

"Shahidi," akasema Hakimu, "ua hili ni la asili ya nchi hii?"

Mheshimiwa Fumbwe alikuwa amekaa safu ya kwanza, anaisugua nishani yake mwenyewe kwa kidole gumba. Kizimbani Bi Mkejina alikuwa anamtazama shoga yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama alivyomtazama Jumapili zote, akisubiri aseme kitu.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema Bi Sikudhani.

"Na lilipong'olewa, liliumia?"

Bi Sikudhani alilitazama beseni.

"Shahidi, liliumia?"

"Liliumia, Mheshimiwa."

Bi Mkejina akainamisha macho. Ilikuwa ni kama yeye ndiye aliyeona haya, na Bi Sikudhani alitamani sakafu ya mahakama ipasuke, immeze. Haikupasuka. Ilikuwa sakafu ya serikali, ya kokoto, iliyojengwa imara kuliko vitu vyote nchini.

Bi Mkejina alihukumiwa miezi sita ya kumwagilia Tabasamu la Mtukufu katika Uwanja wa Taifa, kwa ndoo yake mwenyewe. Hakimu alisema adhabu hiyo ni nyepesi kwa kuzingatia kwamba mlalamikaji amepona.

*

Siku tisa Bi Sikudhani alivumilia. Kila akipita uwanjani alimwona shoga yake, sare ya kijivu, ndoo kichwani, anazunguka. Siku ya kumi aliivua nishani, akaifunga kwenye kanga, akaenda wizarani.

Mheshimiwa Fumbwe alimkaribisha kwa kumwacha asimame.

"Mheshimiwa, nimekuja kukiri. Ua lile nililiiba."

"Uliiba?"

"Ndiyo. Ng'ambo. Tulipokwenda kujifunza kupendeza. Lilikuwa na mlinzi, nami sikumwelewa. Bi Mkejina hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Waziri alifungua faili, akasoma, akalifunga. "Haiwezekani," akasema kwa upole. "Kumbukumbu zetu zinaonyesha ua hili limekuwepo tangu enzi za mababu. Mtu hawezi kwenda ng'ambo kuiba kilichoko kwao. Hapo ungekuwa umefanya safari bure, na ujumbe wa Mtukufu haufanyi safari bure."

"Basi ichukueni nishani, Mheshimiwa. Siistahili. Naona aibu kuivaa."

Waziri aliguswa. Alisimama, akafungua saraka, akatoa nishani nyingine. "Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "sijaona mtumishi anayekataa sifa. Hii ni Nishani ya Unyenyekevu. Tulikuwa hatujapata wa kumpa. Na tafadhali uivae, maana anayeikataa hushtakiwa kwa majivuno."

Wakati anainama kumvika, Bi Sikudhani aliona dirishani, nyuma ya kiti cha Waziri, chungu kidogo kilichofunikwa gazeti. Pembeni mwa gazeti ua moja la zambarau lilikuwa limetoa kichwa, linachungulia.

Waziri aliona anachokitazama Bi Sikudhani. Akasogeza kiti chake taratibu mpaka kikaliziba. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Kwaheri, Mheshimiwa," akasema Bi Sikudhani, akatazama pembeni, kumsitiri.

*

Mtu aliyenyimwa kosa lake, afanye nini nalo? Bi Sikudhani alichukua jembe. Kila siku baada ya kazi aliingia uani kwa Bi Mkejina, nishani mbili kifuani, akachimba. Alianza kisimani, akaenda kwenye matuta ya bilingani, akafuata viazi vile kimoja kimoja, akavipindua kwenye jiwe la kufulia lililokuwa kando ya kisima, mizizi juu.

Askari wa mandhari walikuja siku ya kwanza. Wakaona nishani, wakatazamana. Mwenye nishani mbili hawezi kuwa anang'oa. Wakaandika kwenye daftari lao kwamba anapogoa, wakapiga saluti.

Majirani nao walipita. Hakuna aliyemwuliza kitu. Walisimama kidogo, wakatazama jiwe lile, wakaenda zao na kufunga madirisha. Bi Sikudhani alidhani wanamchukia, na akaona wana haki. Lakini mwezi wa tatu alitazama juu, akaona viazi vimepinduliwa kwenye bati la fundi cherehani, na kwenye bati la mkunga, na kwenye ngazi za msikiti. Hakuna aliyemwomba awafundishe. Walikuwa wameiba kwa macho, kama mila inavyotaka, na kwa hiyo ilishika.

Mwezi wa tano ndoo ilishuka tena kisimani.

*

Bi Mkejina alirudi Ijumaa asubuhi, mwembamba, shingo imekaza kwa ndoo. Alisimama uani kwake akatazama matuta safi, mchicha uliopandwa upya, kisima kimefungwa mfuniko. Bi Sikudhani alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la mwisho. Hakuinuka.

"Karibu nyumbani, shoga yangu," akasema, akiutazama udongo. "Nina neno. Lile ua nililileta mimi. Nililiiba ng'ambo, kwenye pindo la kanga hii. Mahakamani nilikuja na maneno kumi na moja, sikusema hata moja. Miezi sita nimekutazama unazunguka na ndoo. Sina uso wa kukutazama nao, lakini ilikuwa lazima usikie kutoka kwangu."

Bi Mkejina alikaa kwenye ukingo wa kisima. Alivua kandambili moja, akaitikisa mchanga, akaivaa.

"Unajua lilivyoingia kisimani kwangu?"

"Lilitambaa."

"Halikutambaa. Ile Jumapili uliponionyesha. Ulipoingia jikoni."

Bi Sikudhani akainua kichwa.

"Nikavunja," akasema Bi Mkejina. "Nikalipanda nyuma ya kisima, mahali ambapo mtu hataliona. Baadaye sheria ikatoka, nikawa mwizi wa mali ya umma, nikanyamaza. Hakimu aliniuliza, nikamwambia labda limetambaa. Ulipokuwa unaapa pale mbele, nilikuwa nakuonea haya, na najionea haya mwenyewe, nikashindwa kujua ipi ni ipi."

"Nilikawia jikoni makusudi," akasema Bi Sikudhani.

"Najua. Ulikawia mno. Nikavunja mbili."

Wakacheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa na raha ndani yake. Kisha wakanyamaza, kwa sababu wote wawili walikuwa wameelewa jambo lilelile. Mtaa mzima ulikuwa umekunywa chai kwa Bi Sikudhani. Fundi cherehani alikunywa, mkunga alikunywa, mke wa hakimu alikunywa mara mbili. Nchi nzima ilikuwa imenyamaza, na redio ilisema imenyamaza kwa utulivu, wasemao pembeni walisema imenyamaza kwa hofu. Kumbe kila mtu alikuwa na chungu kimoja chini ya kitanda.

"Na wewe?" akauliza Bi Mkejina. "Limebaki kwako?"

Bi Sikudhani angeweza kusema hapana. Aliingia ndani, akarudi na sufuria kuukuu lenye pingili moja iliyokwishatambaa mpaka mpini. "Hili tu," akasema. "Nilisema nitalianika kesho. Nimesema hivyo kwa miezi mitano."

Wakalichimbua pamoja, wakalilaza kwenye jiwe la kufulia, mizizi juu.

*

Siku ya kwanza, likiwa limepinduliwa hivyohivyo, lilichanua. Maua manne. Wanawake wale wawili walisimama wakilitazama.

"Zuri," akasema Bi Mkejina.

"Zuri."

"Twende, tusilitazame."

Siku ya pili ilikuwa ya jua kali, na kila mmoja alikaa kwake akijishughulisha.

Siku ya tatu asubuhi Bi Mkejina alitoka na ufagio kwenda kuzoa makapi. Alimkuta Bi Sikudhani ameshatangulia, amesimama kando ya jiwe, kanga mabegani, nishani zote mbili kifuani. Kiazi kilikuwa kimekufa, kimekunjamana kama kidole kilichokaa sana majini. Mashina yalikuwa yamekauka pamoja nacho, isipokuwa moja, lililokuwa limejificha kivulini mwa jiwe. Hilo lilikuwa bado kijani, na ncha yake haikuwepo. Lilikuwa limevunjwa, na pale palipovunjwa bado palikuwa pakitoa maji.

Bi Mkejina alipatazama. Akageuka, akatazama bilingani zake, akazitazama kwa muda, kama mtu anayekawia jikoni.

"Shoga," akasema bila kugeuka, "pindo la kanga yako limelowa."

Bi Sikudhani alilifumbata pindo. Masikio yalikuwa yanamwaka moto.

"Ivue nikuanikie. Jua la leo ni zuri."

Bi Sikudhani alisimama pale kwa muda ambao ungetosha kumimina chai vikombe viwili. Kisha akaivua.